Kutundika Taa Nzito Juu ya Tangi la Samaki

Taa ya tangi la samaki hufanya kazi mahali pagumu kuliko taa nyingine zote za nyumbani. Chini yake kuna maji, na kwa wanaofuga viumbe wa baharini, maji hayo yana chumvi. Pembeni kuna kioo kisichostahimili kugongwa. Ndani yake unapita umeme. Na mara nyingi mbele yake amesimama mtoto, pua kaibandika kwenye kioo, akiwafuata samaki kwa macho. Taa ya kilo 12 ikichomoka darini na kuangukia tangi la lita 270, kioo hupasuka, sakafu hufurika, samaki hufa, na umeme hukutana na maji watu wakiwa karibu. Kwa hiyo kuitundika taa hiyo ni kazi ya kupangwa kabla tangi halijajazwa, wakati chumba bado ni kikavu na fundi anaweza kusimamisha ngazi popote.

Si kila tangi linahitaji taa nzito. Mbuna wa Ziwa Nyasa, samaki wenye rangi za kupendeza wanaofugwa katika nchi nyingi, huishi vizuri chini ya taa ndogo, kwa kuwa mwanga huo ni wa kumsaidia mtazamaji zaidi kuliko kumlisha samaki. Mmea wa anubias, wenye asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, nao hukua taratibu penye mwanga hafifu. Wanaodai mwanga mkubwa ni matumbawe na mimea ya majini inayokua kwa kasi. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi ya maji ya joto huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga, kisha humgawia mwenyeji wake. Mwanga ukipungua, tumbawe hudhoofika. Anayefuga samaki watupu, basi, anaweza kujiepusha na mzigo wote huu kwa kuchagua taa nyepesi.

Taa nzito ziko za aina tatu. Ya kwanza ni taa ya metali halaidi, yenye balbu ya wati 150, 250 au 400 ndani ya bakuli la chuma. Mwanga wake hucheza majini kama jua la saa sita, lakini joto lake ni jingi, na choki yake ya kizamani, ile ya waya uliozungushwa kwenye pande la chuma, ni mzigo wa peke yake. Ya pili ni taa ya tyubu nyembamba za T5, zenye unene wa milimita 16. Tyubu ya wati 54 ina urefu wa karibu mita 1.2, na taa moja huweza kubeba tyubu nane. Ya tatu ni taa ya LED. Wengi hudhani LED ni nyepesi siku zote. Chembe zake za mwanga ni ndogo kweli, ila nyuma yake huwekwa pande la aluminiamu la kupozea joto, na tangi refu huhitaji taa mbili au tatu kwenye reli moja. Vyote vikijumlishwa, kilo 10 hufikiwa upesi.

Kazi yenyewe huanza kwa mizani. Mizani ya kupimia uzito wa mtu inatosha: mtu hupanda mikono mitupu, kisha hupanda akiwa ameibeba taa, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo uzito wa taa. Reli, minyororo, feni na nyaya hupimwa pamoja nayo. Kinachoweza kuondolewa huondolewa. Choki au transfoma ya taa, kwa mfano, haina sababu ya kuning'inia juu ya maji. Hukaa salama zaidi kwenye rafu kavu ya pembeni, penye hewa ya kuipoza, juu ya kimo ambacho maji yakimwagika hayatafika. Uzito unaobaki huzidishwa mara tano, na hesabu hiyo ndiyo nguvu ambayo vishikio vinapaswa kuimudu. Mara tano si woga. Taa hugongwa na bega wakati wa kusafisha tangi, huvutwa na mtu aliyeteleza, na mbao na chuma vinavyoishika huchakaa mwaka hadi mwaka.

Baada ya uzito huja kimo. Mwanga hupungua kadiri taa inavyopandishwa. Balbu moja yenye mwanga unaotoka mahali pamoja ikihamishwa kutoka sentimita 20 hadi sentimita 40, kitu kilicho chini yake hupata karibu robo tu ya mwanga wa awali. Taa pana ya tyubu nyingi haishuki kwa kasi hiyo, kwa sababu miale yake hutoka pande nyingi na kupishana. Kwa upande mwingine, taa iliyo chini mno hurushiwa maji, hupasha maji joto na kumzuia mfugaji kuingiza mkono. Kwa metali halaidi, sentimita 20 hadi 30 juu ya maji ni mahali pazuri pa kuanzia, na kioo cha mbele ya balbu hakiondolewi, maana ndicho kinachozuia miale hatari ya jua-bandia hilo isiwachome viumbe na macho ya watu. Kwa kuwa kimo sahihi hujulikana kwa kujaribu, mtundiko mzuri ni ule unaoruhusu taa kupanda na kushuka bila kuifungua yote.

Sasa kuna swali linalotangulia kila njia ya kutundika: mzigo unamfikia nani mwisho wake? Nyumba ina mifupa na ina ngozi. Mifupa ni zege, boriti, kenchi za paa na ukuta mzima wa tofali. Ngozi ni silingi bodi, jipsamu, plasta na rangi. Ngozi hupendeza lakini haibebi. Njia zote zinazofuata hutofautiana kwa jambo moja tu, yaani njia ambayo uzito hupitia hadi kuifikia mifupa au sakafu.

Njia ya kwanza ni kuikalisha taa kwenye tangi lenyewe, kwa miguu midogo ya chuma au plastiki. Ni rahisi, haihitaji kutoboa nyumba, na inafaa kwa taa ya kilo chache. Uzito wenyewe kioo hukiweza, kwa kuwa kioo kilichosimama wima hubeba mgandamizo vizuri. Hatari iko kwenye msukumo wa kando na kwenye ncha ya chuma inayogusa kioo kitupu. Mguu uliokazwa kwa skrubu dhidi ya kioo huacha nukta moja yenye nguvu kubwa, na ufa huanzia hapo. Miguu huvalishwa mpira, na taa huwekewa kizuizi ili isisukumwe ikatumbukia. Ndugu wa njia hii ni sanduku la mbao linalofunika tangi, taa ikifungwa ndani ya kifuniko chake. Sanduku huficha nyaya na kukata mwanga unaoumiza macho, lakini hukusanya joto na mvuke. Kwa hiyo huhitaji matundu mapana nyuma, feni, rangi ya kuzuia maji ndani, na bawaba zenye kizuizi kisichoruhusu kifuniko kuporomoka juu ya mkono wa mfugaji.

Njia ya pili ni kuning'iniza kutoka darini. Mjapani Takashi Amano, mpiga picha na mbunifu wa matangi ya mimea aliyefariki mwaka 2015, alisaidia kueneza mtindo wa tangi lililo wazi juu, taa ikielea hewani juu yake. Mtindo huo huacha nafasi tele ya mikono, na mvuke hauifikii taa kwa urahisi. Ugumu wake uko kwenye dari, na dari hazifanani.

Dari ya zege ndiyo iliyo bora. Hutobolewa kwa drili ya kugonga, vumbi hupulizwa nje ya tundu hadi liishe, kisha huingizwa bolti ya chuma ya kupanuka yenye pete iliyofunga mwishoni. Plagi ya plastiki ya ukutani haifai hapa. Ukutani skrubu huelemewa kwa kando, lakini darini huvutwa moja kwa moja kuelekea tunduni, mchana na usiku, na plastiki hulegea. Fundi pia huhakikisha hatoboi bomba la nyaya lililofukiwa kwenye zege. Katika baadhi ya maghorofa, sakafu ya juu si zege tupu, bali ni matofali yenye uwazi ndani yaliyopangwa kati ya mihimili myembamba ya zege. Humo bolti hufungwa kwenye mhimili, wala si kwenye tofali.

Dari ya jipsamu au silingi bodi huwadanganya wengi kwa sababu inaonekana imara. Bodi hiyo hubebwa na vyuma vyembamba au mbao ndogo, na ikipata unyevu wa tangi lililo wazi hulainika. Mifupa yake iko juu zaidi, nayo ni kenchi. Fundi huigonga dari kwa kifundo cha kidole na kusikiliza: penye uwazi hulia kama debe, penye mbao hulia kwa uzito. Sumaku ndogo ikipitishwa polepole hunata kwenye vichwa vya skrubu na kuonyesha mstari wa mbao au chuma cha bodi. Lakini jibu la uhakika hupatikana kwa kupanda kupitia tundu la dari na kutazama kwa tochi. Huko juu, mbao ya inchi mbili kwa nne hulazwa juu ya kenchi mbili au tatu na kufungwa, kisha nondo yenye hesi hushushwa kupitia tundu dogo la bodi. Mwishoni mwake hufungwa pete, na taa hutundikwa hapo. Bodi haibebi hata gramu moja. Imetobolewa tu ili mzigo upite. Kenchi ikiwa wazi na rahisi kufikiwa, skrubu nene ya pete inaweza kuingizwa moja kwa moja katikati ya upana wa mbao, baada ya kutoboa tundu jembamba la kuiongoza ili mbao isipasuke.

Nyumba za kale za pwani ni suala la peke yake. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, dari nyingi zimejengwa kwa boriti za mikoko zilizobeba mawe ya matumbawe na chokaa. Boriti iliyobeba mawe kwa vizazi imekwisha kupewa kazi yake, na ndani yake mchwa au uvujaji wa paa huenda umekula pasipoonekana. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Nyumba za namna hiyo si za kutobolewa ovyo kwa ajili ya taa ya samaki. Humo njia ya kiunzi cha sakafuni, itakayoelezwa baadaye, ndiyo ya kufuatwa.

Kishikio kikishapatikana, hubaki waya. Waya wa kusokotwa wa chuma kisichoshika kutu, wenye unene wa milimita 2, ukiwa mpya hukatika kwa mzigo unaozidi kilo 200. Kwa hiyo si waya unaoleta ajali, ni ncha zake. Ncha hufungwa kwa vibano viwili au vitatu, na mkia mfupi wa waya hauachwi ukishikwa na fundo la mkono. Pete iliyofunga ni bora kuliko kulabu iliyo wazi, kwa kuwa taa ikiinuliwa kidogo wakati wa kusafisha, waya huteleza ukatoka kwenye kulabu.

Pembe ya waya nayo ina hesabu yake. Taa ya kilo 12 ikining'inia kwa nyaya mbili zilizonyooka wima, kila waya hubeba kilo 6. Nyaya zikitanuliwa hadi nyuzi 45 kutoka kwenye timazi, kila mmoja huvutwa kwa kilo 8 na nusu. Zikifika nyuzi 60, kila mmoja huvutwa kwa kilo 12, kana kwamba unabeba taa nzima peke yake. Anayelazimika kutanua nyaya ili zifikie kenchi zilizo mbali afadhali aweke mbao juu ya kenchi na kuzishusha nyaya wima.

Njia ya tatu ni mkono wa chuma unaotoka ukutani. Hufaa tangi linapoegemea ukuta imara na dari ikiwa mbovu au ya juu mno. Hapa adui ni wenzo. Taa ya kilo 10 iliyo sentimita 40 kutoka ukutani, kwenye kishikio chenye bolti mbili zilizoachana sentimita 20 juu na chini, huivuta bolti ya juu kwa nguvu ya kilo 20. Bolti zikiachana sentimita 10 tu, nguvu hiyo huwa kilo 40. Kwa hiyo bamba refu la ukutani lina faida kuliko bolti nene, na mhimili wa mshazari unaotoka chini ya mkono hadi ukutani husaidia kwa sababu hiyo hiyo. Ukuta wa tofali la kuchoma au zege hushika vizuri. Ukuta wa bloku zenye uwazi huhitaji kishikio kinachopita hadi ndani ya uwazi na kufunguka, au bolti inayopenya hadi upande wa pili na kuwekewa bamba. Plasta haihesabiwi, bolti lazima iivuke na kuzama kwenye tofali.

Njia ya nne ni kiunzi kinachosimama chenyewe. Hii ndiyo inayomfaa mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa, na mwenye nyumba asiyeiamini dari yake. Bomba za pembe nne, skwea paipu kama mafundi wa kuchomelea wanavyoziita, huchomelewa kuwa lango: miguu miwili pande mbili za tangi na mhimili juu, taa ikining'inia katikati. Miguu hufungwa kwa bolti kwenye kabati la tangi, ambalo kwa uzito wa maji haliwezi kutikisika, au huwekewa vitako virefu sakafuni. Namna nyingine ni bomba lililopindwa, linalopanda nyuma ya tangi na kukunjwa mbele juu ya maji. Huonekana jepesi kwa macho, lakini lina wenzo uleule wa mkono wa ukutani. Mguu wake hushikwa mahali pawili kwenye mgongo wa kabati, karibu na juu na karibu na chini, na kamwe haushikwi na kioo.

Wanaotaka kuipandisha taa kila wanaposafisha tangi hutumia kapi na kamba. Ni utaratibu mzuri, ila una siri moja. Kamba inayopita kwenye kapi na kushuka upande wa pili huielemeza kulabu ya kapi kwa mzigo maradufu: taa ya kilo 12 huivuta kulabu hiyo kwa kilo 24, kwa kuwa inabeba taa na pia mvuto wa anayeishikilia kamba. Kamba hufungwa kwenye mwimo imara, na taa ikishafika mahali pake huongezewa waya wa pili wa akiba, uliolegea kidogo, unaofika kwenye kishikio kingine. Ndivyo taa za jukwaani zinavyolindwa, na tangi la samaki linastahili ulinzi huohuo.

Chumvi hudai hesabu yake kwa kimya. Matone yanayorushwa na viputo vya hewa hukauka kwenye chuma na kuacha ukoko mweupe unaokula skrubu. Kwa tangi la bahari, chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316 kina molibdenamu inayokisaidia kuikabili chumvi kuliko kile cha daraja la 304. Aluminiamu iliyopakwa vizuri hufaa pia. Vitu vya shaba havitundikwi juu ya maji, kwa sababu shaba, hata kidogo, huwaua uduvi na matumbawe. Chuma cha kawaida hupakwa rangi ya kuzuia kutu hadi ndani ya matundu na kwenye viungo vilivyochomelewa.

Umeme una kanuni tatu zisizo na msamaha. Kwanza, taa haining'inii kwa waya wake wa umeme. Waya huo huachwa umelegea ili usibebe chochote. Pili, waya unaoelekea kwenye soketi hushushwa chini ya kimo cha soketi kabla ya kupanda tena. Tone linalotambaa juu ya waya huo hufika kwenye mkunjo wa chini na kudondoka sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Tatu, soketi hulindwa na swichi inayokata umeme unapovuja, ile ya miliampia 30, na taa yenye gamba la chuma huunganishwa na ethi. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio, nacho hubonyezwa kila mwezi.

Mwisho ni jaribio, na vifaa vyake viko katika kila nyumba. Taa ya kilo 12 yenye vishikio viwili huweka kilo 6 kwa kila kimoja, na mara tano yake ni kilo 30. Basi kwenye kila kishikio hufungwa kamba, na kwenye kamba hutundikwa ndoo ya lita 20 na dumu la lita 10, vyote vimejaa maji, vikiwa kiganja kimoja tu juu ya sakafu. Penseli huchora alama mahali bolti inapoingia darini au ukutani. Ndoo huachwa hadi kesho yake saa ileile. Alama ikisogea hata kwa unene wa ukucha, plasta ikichanika, au mbao ikianza kulia, kishikio hicho kimekataa kazi, na afadhali kimekataa mbele ya ndoo. Kikikaa kimya kwa siku nzima, taa itundikwe, pimamaji ilazwe juu yake, na kila baada ya miezi mitatu mtu apande ngazi, apanguse chumvi na kukaza nati. Asiyeweza kuitundika ndoo hiyo bila wasiwasi asiitundike taa.